Nipe Mji: Kitendawili cha Picha ya Setilaiti



Sote tumekulia katika vitendawili, na kanuni zake twazijua: mmoja hutega, wenziwe hutegua, na wakishindwa huambiwa, "Nipe mji." Siku hizi upo mchezo wa namna hiyo ambao jibu lake ndilo mji wenyewe. Hutolewa picha ya nchi iliyopigwa na setilaiti, haina jina wala alama, na wachezaji huulizwa: hapa ni wapi? Kutaja mahali tu hakutoshi. Mshindi sharti aeleze ardhi ile imepataje umbo lile, ndipo apewe haki ya kutega kingine. Tumeona vyema tuwaelezeni mchezo huu, kwani mkulima awezaye kuisoma ardhi kutoka juu huona mambo ambayo akiwa shambani hufichwa na miti.

Picha za kuchezea hazina shida. Setilaiti za Landsat zilianza kuipiga dunia picha mwaka 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Za sasa huruka kiasi cha kilomita 705 juu yetu, na kwa kawaida nukta moja ya picha ni kipande cha ardhi cha mita 30 kwa 30. Basi usitafute nyumba wala ng'ombe. Tafuta milima, mito na nyanda.

Haya, kitendawili! Magharibi ipo milima yenye misitu, nayo imekatika ghafla kama ukingo wa meza. Mashariki yake ni uwanda mpana, wenye mabaka meusi ya moto wa kiangazi. Mto watoka milimani katika bonde jembamba, na ukifika uwandani waanza kupinda kama nyoka. Kusini, barabara yaukata uwanda kwa mwendo mrefu bila ya kukutana na shamba.

Kwanza tazama kivuli. Setilaiti hii hupita mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa upande wa mashariki, kwa hiyo vivuli huangukia magharibi. Asiyelijua hili aweza kuliona bonde kuwa mlima na mlima kuwa bonde.

Pili, tazama mistari iliyonyooka, kwani iko ya aina mbili. Mistari ya binadamu, kama mipaka ya mashamba ya mkonge, hufanya pembe na miraba. Mstari wa ardhi wenyewe hutenga nchi mbili: huku mlima, huku uwanda. Huo ni ufa. Hapo ardhi ilipasuka, upande mmoja ukabaki juu na wa pili ukazama. Mawe ya milima hii ni ya kale mno, yalipikwa kwa joto chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Lakini uwanda umefunikwa kwa mchanga na udongo ulioletwa na mito baadaye.

Tatu, tazama mto. Katika bonde la mlima maji huenda kwa nguvu na kubeba mawe na mchanga. Yakifika tambarare nguvu hupungua, na mzigo hutuliwa papo hapo. Mzigo ukizidi huziba njia, nao mto hutafuta njia nyingine.

Nne, tazama kazi za watu. Reli ya zamani yapanda kwa kuufuata mto. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, yafika mlimani na kutoweka, kwa kuwa imepitishwa katika mahandaki.

Mmeshindwa? Tupeni mji! Mji ni Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro. Milima ni ya Rubeho na Ukaguru, mto ni Mkondoa, uwanda ni wa Mkata. Barabara ni ile ya Morogoro kwenda Iringa, ipitapo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ndiyo maana haina mashamba.

Sasa rudini mtazame pale mto unapotoka mlimani, kwani hapo ndipo ulipo mji wa Kilosa. Sababu yake haifichiki. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo ilipanda kwa bonde la Mkondoa, na reli ikafuata njia hiyo hiyo. Lakini mahali panapofaa kupita si lazima pafae kulala. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mvua ilinyesha milimani, mto ukavunja tuta, maji yakaingia mjini. Maelfu ya watu walihama nyumba zao, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Umbo la ardhi lilikuwa likionyesha hatari hiyo tangu zamani, kwa mwenye kulitazama.

Wala tusidhani kuwa hayo ni mambo ya bara peke yake. Maji ya Mkondoa huingia katika Mto Wami, nao humwagikia baharini karibu na Saadani, mkabala na Unguja. Na hapa visiwani masomo ni yale yale. Tazameni picha ya Pemba: magharibi vilima na vijibonde vingi, mashariki ardhi ya maweni. Mikarafuu hupenda kilima chenye udongo mzito wa kina, wala haivumilii maji yaliyotuama. Mpunga ndio wa bondeni. Kabla ya kupanda miche, kiangalieni kilima chenu kutoka juu, mwone maji yatashukia wapi na yatatua wapi.

Twashauri kila tawi lichague kijana mmoja mwenye simu nzuri, atege picha moja kila mkutano. Na atakayetegua asiseme jina tu. Aeleze na sababu.