Admirali aliyeletewa swali la Nairobi na Dar es Salaam

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, muda mfupi baada ya saa 4:30 asubuhi, watu waliokuwa kazini katikati ya jiji la Nairobi walisikia kishindo. Wengi walifanya ambacho mimi na wewe tungefanya. Waliinuka vitini, wakaenda dirishani kuangalia kuna nini.

Sekunde chache baadaye bomu lililokuwa ndani ya lori likalipuka nyuma ya Ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Vioo vya majengo ya jirani vikaruka kama visu. Watu 213 walikufa, maelfu wakajeruhiwa, na wapo ambao hawajaona tena tangu siku ile.

Asubuhi hiyohiyo, Dar es Salaam, lori jingine lililipuka kwenye Ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon. Watu 11 walikufa na zaidi ya 80 walijeruhiwa.

Sisi tuliozaliwa miaka ile tumekua tukisimuliwa habari hii. Majina ya washambuliaji tunayasikia kila Agosti. Jina la mtu aliyepewa kazi ya kuuliza kwa nini watu wengi kiasi hicho walikufa na kuumia, halisikiki sana. Ni Admirali William Crowe, mwanajeshi wa majini aliyekuja kuwa balozi.

Kijana wa nchi kavu

Crowe alizaliwa Januari 2, 1925, katika jimbo la Kentucky, Marekani, na kukulia Oklahoma, jimbo lisilopakana na bahari. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyewahi kutumikia kwenye manowari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtoto akavutwa na maji ambayo hakuwahi kuishi karibu nayo.

Alisoma Chuo cha Jeshi la Wanamaji, darasa moja na Jimmy Carter, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Kisha akaingia kwenye nyambizi na baadaye kuongoza moja iliyoitwa Trout.

Miaka ile njia ya haraka ya kupanda cheo ilikuwa nyambizi mpya za nyuklia. Crowe akachagua darasa. Alienda Chuo Kikuu cha Princeton na mwaka 1965 akapata shahada ya uzamivu katika siasa. Utafiti wake ulihusu sera za jeshi la majini la Uingereza. Kwa ofisa wa nyambizi, wengi wangeona amepotea njia.

Hakupotea. Alitumika Vietnam, kisha Bahrain kwenye Ghuba, kisha Naples, Italia, akiongoza majeshi ya NATO ya kusini. Mwaka 1983 akapewa majeshi yote ya Marekani katika eneo la Pasifiki. Oktoba 1985, Rais Ronald Reagan akamteua kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, cheo cha juu kuliko vyote kwa mwanajeshi wa Marekani.

Akiwa hapo alifanya jambo ambalo halikutarajiwa. Alimwalika mkuu wa majeshi wa Urusi ya Kisovieti, Sergei Akhromeyev, akamtembeza Marekani mwaka 1988, mpaka Oklahoma. Juni 1989 akaenda Moscow mwenyewe, na huko ukasainiwa mkataba wa kuzuia majeshi ya nchi hizo mbili yasiingie vitani kwa ajali, kwa mfano ndege ikivuka mpaka kwa bahati mbaya.

Siku isiyosahaulika

Lakini maisha yake hayakuwa ya sifa tupu. Julai 3, 1988, meli ya kivita ya Marekani, Vincennes, ilitungua ndege ya abiria ya Iran juu ya Ghuba. Watu wote 290 walikufa, 66 kati yao wakiwa watoto.

Crowe ndiye aliyesimama mbele ya waandishi siku ile. Alisema ndege ilikuwa inashuka kuelekea meli na ilikuwa nje ya njia yake. Uchunguzi ulionyesha kinyume: ilikuwa inapanda, na ilikuwa ndani ya njia yake. Hata baada ya hapo, aliendelea kumtetea nahodha wa meli. Kwa familia za wale watoto, utetezi huo haukuwa jibu.

Alistaafu mwaka 1989. Mwaka uliofuata aliliambia Bunge la Seneti kwamba vikwazo dhidi ya Iraq vipewe muda kabla ya kuanza vita. Mwaka 1992 alimuunga mkono Bill Clinton, ambaye baadaye alimteua kuwa balozi nchini Uingereza. Yule aliyewahi kuandika utafiti kuhusu jeshi la Waingereza akaishi London kuanzia mwaka 1994 hadi 1997, wakati juhudi za amani ya Ireland Kaskazini zikiendelea.

Swali kutoka kwetu

Alikuwa na umri wa miaka 73 alipokabidhiwa kazi nyingine. Sheria ya Marekani inataka tume iundwe panapotokea vifo au uharibifu mkubwa kwenye ofisi zake za nje. Ziliundwa tume mbili, ya Nairobi na ya Dar es Salaam. Crowe akawa mwenyekiti wa zote mbili.

Ripoti ilitoka Januari 1999. Ilisema hakuna mfanyakazi mmoja aliyekiuka wajibu wake. Ila ilisema pia kwamba serikali ya Marekani, kwa pamoja na kwa muda wa miaka kumi, ilishindwa kutenga fedha za kutosha kulinda ofisi zake za nje.

Vigezo vya usalama vilitaka ubalozi mpya ukae angalau mita 30 kutoka barabarani. Jengo la Nairobi lilikuwa karibu zaidi ya hapo. Balozi wa Marekani nchini Kenya, Prudence Bushnell, alikuwa ameiandikia Washington kabla ya shambulio akieleza udhaifu wa jengo hilo. Majibu hayakumletea jengo jipya.

Tume ya Crowe ilipendekeza takriban dola bilioni 1.4 kila mwaka, kwa miaka kumi. Balozi mpya za Nairobi na Dar es Salaam, zilizofunguliwa mwaka 2003, zimejengwa mbali na barabara.

Mtu anaweza kuuliza: kama kosa ni la wote, nani anawajibika? Ni swali la haki, na wajane na yatima wa Nairobi na Dar es Salaam wameliuliza kwa miaka mingi. Ripoti haikulimaliza.

Sehemu inayotuhusu nyumbani

Kama mwandishi wa afya, kuna sehemu ya ripoti hiyo ninayotaka kila mzazi aifahamu. Tume ilieleza kwamba kishindo cha kwanza Nairobi, cha guruneti lililorushwa na mshambuliaji, kiliwavuta watu madirishani. Bomu lilipolipuka, nyuso zao zilikuwa mbele ya vioo. Crowe na wenzake wakapendekeza balozi ziwe na king'ora maalumu, na wafanyakazi wafundishwe kujitupa chini na kujikinga.

Balozi Bushnell mwenyewe alikuwa mkutanoni kwenye jengo la jirani. Amewahi kusimulia kwamba wenzake walipokimbilia dirishani, yeye alichelewa kuinuka. Kuchelewa huko kulimwokoa.

Tusidhani ni mambo ya balozi tu. Wakazi wa Mbagala Aprili 2009 na wa Gongo la Mboto Februari 2011 wanajua milipuko ya maghala ya silaha ilivyo. Mtungi wa gesi hulipuka. Transfoma hulipuka. Na mtoto akisikia kishindo, hukimbilia dirishani kabla yako.

Mfundishe mapema, kwa maneno machache: ukisikia mlipuko, ondoka dirishani, lala chini, funika uso kwa mikono. Fanyeni kama mchezo sebuleni mara mbili tatu, mpaka mwili uzoee.

Na kama jicho limeumia, kumbuka haya:

• Vumbi likiingia, osha kwa maji safi mengi. Asisugue.

• Kipande cha kioo kikiwa kimechoma jicho, usikitoe na usiloshe.

• Funika jicho kwa kitu kisicholigusa, kama kikombe cha karatasi, bila kukandamiza.

• Usiweke dawa ya mtu mwingine, maziwa ya mama wala dawa ya majani.

• Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anasema anaona.

Crowe alifariki Oktoba 2007, akiwa na umri wa miaka 82. Alivaa nyota nne na kukaa na marais na majemadari. Katika kurasa alizotuandikia sisi, ushauri wenye faida kubwa zaidi kwa familia haugharimu dola hata moja.

Leo jioni, kabla watoto hawajalala, waulize: mkisikia kishindo kikubwa, mtakimbilia wapi? Wakikuonyesha dirisha, unajua pa kuanzia.