UGANDA: MDUDU MWEUSI ANAYEKAUSHA VITAWI VYA KAHAWA

Tulipowatembelea wenzetu katika shamba moja kubwa la kahawa huko Uganda, tulikuta ugomvi. Vitawi vingi vya mibuni vilikuwa vimekauka, majani yakining'inia kama yaliyopitiwa na moto. Msimamizi alikuwa amewaandika vibarua kumi na mmoja kuwa wanavunja matawi wakati wa kuchuma, na ujira wao ulikuwa ukatwe. Mama mmoja mchumaji akakata kitawi, akakigeuza, akaonyesha kitundu upande wa chini. Kisha akakipasua kwa kisu. Wahalifu wenyewe walikuwamo ndani.

Jambo hili linafaa lijulikane na kila mfanyakazi wa kahawa, hasa ndugu zetu wa Kagera, maana nao wanalima robusta na wako mpakani.

Mdudu huyu asili yake ni Asia. Nchini Uganda aliripotiwa kwanza katika wilaya ya Bundibugyo mwaka 1993, kisha akaenea sehemu nyingi zinazolima robusta. Ni mweusi, anang'aa, na urefu wake haupiti milimita 2. Ukimweka kiganjani utadhani ni mbegu ya mchicha.

Anayetoboa ni jike. Dume ni mdogo zaidi, haruki, na maisha yake huishia humo humo ndani. Jike huchimba chumba katikati ya kitawi na kutaga mayai. Ajabu ni kwamba hali mti. Huja na ukungu wake, ukaota kwenye kuta za chumba, na watoto wake hula ukungu huo. Naye ni mkulima, ila shamba si lake! Kitawi kilichotobolewa na kuingiwa na ukungu hakipitishi maji vizuri, kwa hiyo sehemu iliyo mbele ya tundu hunyauka na kufa pamoja na kahawa yake. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kizazi kipya huwa tayari kutoka.

Basi tuangalie nini? Kitawi kimoja kimoja hukauka huku mti wenyewe ukiwa bado kijani. Geuza kitawi, tafuta tundu la ukubwa wa ncha ya sindano nene, pengine lina unga mweupe mdomoni. Kipasue kwa urefu: utaona uwazi wenye kuta zilizobadilika rangi, wadudu weusi, na mabuu meupe. Mti ukinyauka wote bila matundu, huo huenda ni ugonjwa wa mnyauko, ambao nao uliua mibuni mingi sana Uganda. Na kwenye arabika ukikuta unga wa mbao chini ya shina, huyo ni mdudu mwingine, mpekecha shina, mwenyeji wa Afrika. Tusichanganye, kwa sababu dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Tumesikia watu waling'oa mibuni iliyohitaji kukatwa vitawi viwili tu.

Kitawi kikatwe chini ya tundu, upande ulio mzima, kikachomwe moto siku hiyo hiyo. Kukiacha chini ni kazi bure, kwani wadudu humalizia kukua humo na kuruka. Wala tusivibebe kwenda navyo nyumbani kuwa kuni. Tena tuangalie miti ya jirani: mdudu huyu hushambulia aina zaidi ya 200 za mimea, pamoja na kakao na parachichi.

Kuhusu kupuliza dawa tuseme wazi. Aliyejificha ndani ya kitawi dawa haimfikii kwa urahisi, lakini mpulizaji asiye na glovu wala barakoa inamfikia mara moja. Mwajiri akiamua kupuliza, vifaa kwanza.

Ugomvi ule uliishaje? Wawakilishi wa tawi la chama walimwita meneja, wakapasua vitawi thelathini mezani kwake. Mabuu yakatambaa juu ya daftari la mahudhurio. Makato yakafutwa, na kukata vitawi kukakubaliwa kuwa kipande chenye malipo yake, si nyongeza ya bure baada ya kuchuma. Mikasi imetolewa mmoja kwa watu sita. Wenzetu wanadai iongezwe, na mazungumzo yanaendelea.