Asumini ya Kaloleni na Mbuzi wa Idi

Idi ya Mfungo Mosi ya mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, nami nilikuwa na haja moja tu moyoni: mama watoto avae kikuba cha asumini ya nyumbani. Si asumini ya kuagizwa Mombasa kwa basi la usiku, ifike imenyauka, bali niliyoipanda kwa mkono wangu mbele ya nyumba yetu hapa Kaloleni, Nairobi. Msomaji wa Mvita au Lamu atacheka, maana kwake asumini ni kitu cha kuchuma uani alasiri. Na acheke, kisha anisikilize.

Kaloleni hii si ile ya Kilifi. Ni mtaa wa Eastlands uliojengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe zisizo ghorofa na mapaa ya vigae vyekundu, zikizunguka viwanja vya nyasi. Waliouchora walifuata fikra ya Mwingereza Ebenezer Howard, aliyeandika mwaka 1898 kwamba mtu wa mjini asinyimwe mema ya shamba. Fikra njema, lakini mchoraji hakuulima udongo huu mweusi. Mvua ikinyesha huwa ulimbo wa kukuvua viatu. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kumeza kiganja. Miaka miwili niliuchanganya na samadi na mchanga ndipo ukakubali jembe.

Tena kuna baridi, kwani tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mwaka niliohamia nilipanda nazi. Ikachipua vizuri, nikajigamba kwa majirani. Kumbe mche wa mnazi kwanza hula akiba iliyomo ndani ya nazi yenyewe. Akiba ilipokwisha ukasimama, ukageuka manjano, na Julai ukafa. Nilikaa siku kadhaa kama niliyefiwa na mtu wa kwetu.

Mboga hazinisumbui sana, ila vidukari na mpira wa watoto. Kunde, mchicha na mnavu vyaota. Jirani, mama wa Kisumu, alinifunza kupika mrenda, nami nikamwonjesha mchicha wa nazi. Tangu hapo twabadilishana mbegu. Raha yangu kubwa ni kuyajua maji yaliyoinywesha mboga yangu. Kandokando ya mito ya Nairobi wako wanaonywesha kwa maji taka, na mimi niliyefundwa chuoni ningali mdogo yapi tohara na yapi najisi, sahani hiyo hainipiti kooni. Zamani wakulima wa mjini walifyekewa mahindi yao kama wahalifu. Mwaka 2015 Nairobi ikatunga sheria ya kukitambua kilimo cha mjini.

Lakini nilikuwa kwenye asumini. Shida ya maua ya sikukuu ni kwamba Idi hufuata mwezi, kila mwaka ikirudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na mmea hufuata jua. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana walishika hesabu mbili: mwezi kwa ibada, na Siku ya Mwaka kwa kulima na kusafiri, wakihesabu miongo ya siku kumi kumi. Miongo hiyo ni ya pwani, hata hivyo. Huku nabahatisha.

Ramadhani hiyo maji ya mfereji yalikuja kwa zamu. Basi maji ya kutawadhia niliyakinga kwa beseni, na nikirudi tarawehe nikainywesha asumini kabla ya kula daku. Usiku wa ishirini na saba nikamulika tochi, nikaona matumba, meupe kama meno ya mtoto. Nikamwita mama watoto.

“Usiyahesabu,” akaniambia, “utayatia kijicho.”

Nilikwisha yahesabu. Yalikuwa kumi na manane.

Usiku wa kuamkia Idi, mbuzi wa jirani yangu mwingine, aliyenunuliwa kwa ajili ya sikukuu, alikata kamba. Alfajiri nilikuta vijiti. Mrehani nao ulikwenda. Mnavu hakuugusa, laanakum!

“Ustadhi, niwie radhi,” jirani akasema tulipotoka kuswali. “Mnyama hajui.”

Niseme nini siku ya Idi? Nikamsamehe. Adhuhuri akatuletea sinia ya biriani. Mama watoto akaitazama nyama, akanitazama mimi.

“Asumini yangu ndiyo hii?”

Tukacheka, tukala. Ilikuwa biriani nzuri, haki ya Mungu.

Masika ilipokolea vijiti vikachipua. Ikaja Idi ya Mfungo Tatu, Juni, na baridi yake, asumini ikawa majani matupu. Na sasa yako maneno mengine, mazito kuliko mbuzi. Nyumba kongwe za Eastlands zasemwa kubomolewa yajengwe maghorofa, kama ilivyokwisha kuwa Pangani. Mpangaji hana hati, na asumini ya mpangaji haina hata kodi ya kuonyesha.

Kwa hiyo nimekata matawi matatu nikayatia katika makopo ya maziwa, yapate mizizi ya kuchukulika. Mawili yako dirishani kwetu. La tatu nimempa jirani wa mbuzi, kwa sharti aliweke juu ya kabati.