Kalengera: mega unayonunua si mega inayokimbia

Anayenunua forfe ya mega 100 huko Kalengera, kwenye barabara ya Taifa namba 2 kutoka Goma kwenda Rutshuru, anajua vizuri fedha aliyotoa. Kinachomchanganya ni namba ya pili, ile ya kasi. Ameambiwa mtandao unakwenda mega 2 kwa sekunde, naye anapiga hesabu: 100 gawanya kwa 2, faili itamaliza kushuka kwa sekunde 50. Saa yake inaonyesha dakika 6 na sekunde 40. Hapo analaumu mnara, analaumu simu, analaumu aliyemuuzia.

Huenda hakuna mwenye kosa kati yao. Mega hizo mbili ni vipimo tofauti vilivyopewa jina moja, mithili ya mtu kuagiza maharagwe kilo mbili akapimiwa makopo mawili ya Guigoz. Sokoni angegundua papo hapo. Kwenye intaneti hakuna kopo la kuangalia.

Kipimo kidogo kabisa ni biti, yaani sifuri au moja. Biti nane zikikusanywa zinakuwa baiti moja, ambayo kwa maandishi ya kawaida inatosha herufi moja. Faili, kadi na forfe hupimwa kwa baiti. Kasi ya waya na antena hupimwa kwa biti, desturi iliyotoka zama za telegrafu na simu za mezani, ambako mishindo ya umeme ilipita mmoja mmoja na kuhesabiwa hivyo. Kwa hiyo kasi ya mtandao lazima igawanywe kwa 8 kabla ya kulinganishwa na ukubwa wa faili. Megabiti 2 kwa sekunde ni kilobaiti 250 kwa sekunde tu.

Huku kwetu kuna jambo lingine ambalo majirani wengi hawana. Simu iliyowekwa kwa Kifaransa huiita baiti «octet» na kuandika Mo. Simu ya Kiingereza, iliyonunuliwa Kampala au Dubai, huandika MB, B ikiwa kubwa. Mo na MB ni kitu kimoja. Lakini Mb, b ikiwa ndogo, ni megabiti, na hapo namba imepungua thamani mara nane kwa sababu ya herufi moja. Katika nyumba moja ya Goma unaweza kukuta simu za aina zote mbili, na ubishi wake. Kwa maoni yangu Mo ni alama bora zaidi, kwa kuwa haiwezi kudhaniwa biti. Anayeuza na kuandika «mega» peke yake ndiye anayepaswa kueleza ni mega gani.

Mitambo ya zamani ndiyo inayozidisha mkanganyiko, maana kila mmoja ulikuja na lugha yake. Laini ya E1, iliyounganisha minara mingi ya 2G barani Afrika na Ulaya, hubeba biti 2,048,000 kwa sekunde: njia 32, kila moja kilobiti 64. Njia 30 ni za mazungumzo. Moja hulinganisha saa za mitambo na nyingine hupitisha ishara za kupiga na kukata simu. Ukiigawanya kwa 8 unapata kilobaiti 256 kwa sekunde, na hiyo ndiyo laini nzima kwa wateja wote wanaogawana mnara.

Rudi nyuma zaidi, kwenye redio za foni. Modemu ya redio ya biti 2,400 kwa sekunde hutoa baiti 300. Picha moja ya leo ya megabaiti 3, kwa mfano ya jeraha ambalo muuguzi anataka daktari aliye mbali alitazame, ingechukua karibu saa mbili na dakika 47, kama mawimbi hayakukatika. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 ni dakika 7 hivi. Kwa EDGE yenye kilobiti 236.8 ni kama sekunde 101. Hizo ni kasi za kwenye karatasi. Mtandao wenyewe hula sehemu yake, na modemu nyingi za zamani ziliongeza biti mbili kwenye kila baiti, moja ya kuanza na moja ya kumaliza. Kwa hizo ni salama zaidi kugawanya kwa 10.

Upande wa kadi na flashi kuna mtego mwingine. USB 2.0 hutajwa kwa megabiti 480, sawa na megabaiti 60. Lakini kadi iliyoandikwa «class 4» inaahidi megabaiti 4 kwa sekunde, si megabiti. Kijana anayejaza filamu za gigabaiti 4 kwenye kadi kama hiyo, kibandani kwenye umeme wa paneli, ajiandae kwa dakika 17.

Na ile kadi ya gigabaiti 32 inayosomeka 29.8 kwenye kompyuta? Haijaibwa kitu. Kiwanda huhesabu kilo moja kuwa 1,000, wakati Windows huhesabu 1,024. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina mapya ya kutenganisha hesabu hizo, kibi na mebi, lakini wauzaji wachache mno wanayatumia. Kwenye kasi ya mtandao kilo ni 1,000 siku zote.

Ukishajua kugeuza vipimo, unaweza kupima hata pikipiki. Kadi hiyo ya gigabaiti 32 ikitoka Goma mfukoni mwa dereva na kufika Kalengera baada ya saa tatu, vizuizi vikiwemo, imesafiri kwa wastani wa megabiti 23.7 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya laini 11 za E1. Kadi ya gigabaiti 128 ingefikia karibu megabiti 95. Ila swali la maneno mawili la muuguzi, «Damu ipo?», kwa pikipiki litachukua saa tatu zilezile. Kwa 2G ya polepole lingefika kabla dereva hajavaa kofia.