Malaria ya ubongo mkoani Tabora

Malaria ya ubongo ni aina ya malaria kali ambayo mgonjwa aliyeambukizwa kimelea *Plasmodium falciparum* hupoteza fahamu na hawezi kuamshwa. Kimelea hicho huenezwa na mbu jike wa jenasi Anofelesi. Mkoa wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, ni kati ya maeneo yanayoathiriwa zaidi na malaria nchini. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 23 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mkoani humo walikutwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8 kati ya 100.

Wengi wa watoto hao hawakuwa mahututi. Kuwa na vimelea katika damu ni jambo moja, na ubongo kushambuliwa ni jambo lingine.

Kimelea kisichoingia ndani ya ubongo

Jina la ugonjwa huu linapotosha kidogo, kwa sababu kimelea cha malaria hakiingii katika chembe za ubongo. Hubaki ndani ya mishipa ya damu. Baada ya mtu kuumwa na mbu, vimelea huenda kwanza kwenye ini, huzaliana huko kwa siku kadhaa, kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Humo, *P. falciparum* hufanya jambo ambalo aina nyingine za malaria hazifanyi kwa kiasi hicho: hutengeneza protini na kuzisukuma hadi juu ya chembe aliyomo, mfano wa vinundu vyenye gundi. Kwa gundi hiyo chembe hunasa kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu. Kimelea kinafaidika, maana chembe iliyonasa haifiki kwenye bandama, ambako ingechujwa na kuharibiwa.

Mishipa hiyo midogo ikiwa ya ubongo, damu hupita kwa shida, oksijeni na sukari hupungua, na kuta za mishipa huanza kuvuja. Maji hutoka na kuingia katika ubongo, nao huvimba. Fuvu la kichwa halitanuki, hivyo ubongo uliovimba hubana shina lake, mahali panapoongoza kupumua. Mjini Blantyre, Malawi, madaktari waliwapima kwa MRI watoto 168 wenye malaria ya ubongo na kutoa matokeo yao mwaka 2015. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Kati ya waliopona, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo walikuwa kidogo zaidi ya robo, na kwa wengine kati yao ulipungua katika siku 1 au 2 tu.

Daktari anaweza pia kuangalia ndani ya jicho. Mishipa ya retina hufanana na ile ya ubongo, na kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu huonekana madoa meupe na alama za kuvuja damu. Bila dalili hizo, inafaa kushuku kwamba kuna sababu nyingine ya mtoto kupoteza fahamu, hata kama vimelea vimeonekana katika damu yake. Katika mkoa ambako karibu mtoto 1 kati ya 4 ana vimelea, hilo si jambo dogo: kipimo cha malaria kinaweza kuwa chanya huku kinachomuua mtoto ni homa ya uti wa mgongo.

Tofauti na virusi vya mbu

Mbu hueneza pia virusi vinavyodhuru ubongo, lakini kwa njia nyingine. Kirusi cha West Nile, kilichopatikana kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile nchini Uganda, huvuka kuta za mishipa ya damu au hufuata neva, kisha huingia katika chembe za neva zenyewe na kuzaliana humo. Chembe hufa, na kinga ya mwili inapokuja kupambana huongeza uharibifu kwa uvimbe. Chembe za uti wa mgongo zinazoendesha misuli zikiguswa, mguu au mkono hupooza. Kwa bahati, watu 8 kati ya 10 wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, na ni takriban 1 kati ya 150 anayepata ugonjwa wa neva.

Homa ya Bonde la Ufa, ambayo pia wakati mwingine hufika ubongoni, ilizuka Tanzania mwaka 2007, na mkoa wa Dodoma, ulio kwenye njia ya zamani kati ya pwani na Tabora, uliathirika kuliko mingine. Virusi hivi havina dawa ya kuviua mwilini. Mgonjwa hutunzwa tu. Malaria ya ubongo ina dawa.

Katika njia ya misafara

Katika karne ya 19 Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wageni walioandika kuhusu safari hizo wameacha habari nyingi za homa na kuweweseka. Henry Morton Stanley aliugua Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, akapoteza hesabu ya siku. Mwaka 1873 daktari W. E. Dillon, wa msafara wa Verney Lovett Cameron, aliondoka Unyanyembe kurudi pwani pamoja na watu waliobeba mwili wa David Livingstone. Siku chache baadaye alijipiga risasi akiwa amechanganyikiwa kwa homa.

Haiwezekani leo kuthibitisha kwamba hiyo ilikuwa malaria ya ubongo. Kimelea hakikuonekana kwa darubini hadi mwaka 1880, na kazi ya Ronald Ross kuhusu mbu ni ya 1897. Lakini habari hizo zinaonyesha jambo moja la kitabibu. Wazungu hao walikuwa watu wazima. Leo mkoani Tabora wanaolazwa kwa ugonjwa huu ni hasa watoto wadogo. Sababu ni kinga. Mtu anayekulia mahali penye malaria nyingi huambukizwa mara kwa mara, na akinusurika utotoni mwili wake hujifunza kuzuia hali mbaya zaidi, ingawa hauzuii maambukizi yenyewe. Mpagazi Mnyamwezi aliyekuwa na kinga hiyo aliilipia alipokuwa mtoto. Mgeni hakuwa nayo, na hata mzaliwa wa Tabora akikaa miaka mingi ughaibuni huipoteza kwa sehemu.

Degedege

Dalili inayowatisha wazazi zaidi ni degedege: mtoto hukakamaa, macho hugeuka, viungo hutikisika. Si kila degedege ni malaria ya ubongo, kwani homa yoyote kali inaweza kuisababisha kwa mtoto mdogo, naye huamka baada ya muda mfupi. Asiyeamka ndiye aliye hatarini.

Sehemu nyingi za Tanzania degedege imehesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, unaoletwa na pepo au ndege apitaye usiku. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walikuta wazazi wakimfukiza mtoto kwa kinyesi cha tembo, na wengine wakiamini kwamba akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo haikutoka hewani: watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa walikufa mara nyingi baada ya sindano, na watu waliona walichoona. Lakini saa zinazopotea ndizo zinazoua, maana mtoto anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2 tangu homa ianze.

Wakati wa degedege mtoto alazwe kwa ubavu, asiwekewe kitu chochote mdomoni, na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Matibabu na baada yake

Dawa inayopendekezwa ni sindano ya artesuneti, kisha dawa mseto za kumeza mgonjwa akiweza. Katika utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, waliofariki walikuwa 8.5% kwa artesuneti na 10.9% kwa kwinini. Sukari ya damu hupimwa pia, kwa kuwa ikishuka hudhuru ubongo uleule.

Kwa familia iliyo mbali, kama zile za mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, kuna artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya safari. Haichukui nafasi ya hospitali. Inampa mtoto muda wa kufika.

Hata kwa matibabu, takriban mtoto 1 kati ya 5 au 6 mwenye malaria ya ubongo hufariki. Wengine hubaki na kifafa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au shida ya kusema. Mjini Kampala, miaka 2 baada ya kupona, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa bado na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Mara nyingi hakuna anayeuona hadi mtoto aanze shule, na kufikia hapo mwalimu hajui kwamba aliwahi kulazwa.