Mipangilio ya kompyuta huhifadhiwa wapi?

TANGU Microsoft ikomeshe huduma za kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wenye kompyuta kuukuu wamekuwa wakitafakari kuhamia mfumo endeshi mwingine, hasa Linux ambao haulipiwi. Barua na picha huhama bila taabu. Kinachosalia nyuma ni mipangilio: lugha, saa, printa, nywila ya mtandao, hata namna kibodi inavyoandika.

Sababu ni kuwa kila mfumo una ghala lake.

Wanawake wa Mraru, karibu na Voi, walivuma miaka ya 1970 kwa kuchanga fedha hadi wakanunua basi lao wenyewe. Chama cha aina hiyo chaweza kuandika michango, mikopo na gharama zote katika daftari moja kubwa la katibu, au kikaweka kijitabu kwa kila jambo. Windows hufuata njia ya kwanza, Linux ya pili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Windows za awali zilitumia faili za maandishi kama win.ini, na kila programu ilijiongezea yake hadi pakawa na vurugu. Windows 95 ndiyo iliyoifanya rejista kuwa ghala kuu. Leo sehemu kubwa yake imo katika folda ya C:\Windows\System32\config, na mambo ya kila mtumiaji yamo katika faili ya NTUSER.DAT. Manufaa yake ni kwamba msimamizi mmoja aweza kuongoza mashine nyingi za ofisi au shule kwa utaratibu mmoja. Hata hivyo, rejista haisomeki kwa jicho tupu. Huhitaji programu maalumu, regedit, na fundi akifuta asichokijua, mashine yaweza kugoma kuwaka. Umeme ukikatika ghafla, Windows hutegemea faili za akiba zilizoandikwa kando ili kurekebisha rejista.

Katika Linux, mambo ya mashine nzima hukaa katika folda ya /etc, na ya mtumiaji katika folda yake ya nyumbani, ndani ya faili ambazo majina yake huanza na nukta na hivyo hufichika. Nyingi ni maandishi ya kawaida. Kosa moja katika faili ya fstab laweza kuzuia mashine kuwaka, lakini hurekebishwa kwa kuiwasha kutoka flashi na kusahihisha mstari huo. Kuna hata faili za sw_KE na sw_TZ, zinazoeleza jinsi tarehe na shilingi zinavyoandikwa Kenya na Tanzania. Ajabu ni kwamba GNOME, sura ya Linux inayotumiwa na wengi, imerudia daftari moja lisilosomeka kwa jicho, liitwalo dconf.

Mac huweka faili ya kila programu katika Library/Preferences.

Kwa anayehama, rejista ya Windows haina kazi katika Linux; hata ikinakiliwa, hakuna wa kuisoma. Lakini programu kadhaa hubeba mizigo yake zenyewe. Folda ya wasifu wa Firefox, yenye alamisho na nywila, yaweza kunakiliwa kutoka Windows hadi Linux ikafanya kazi. Inafaa inakiliwe kabla diski haijafutwa.