Aliyekubali na aliyeridhia

Kitenzi cha Kiingereza "agree" huwatatiza wanafunzi wetu kwa sababu maana yake hutegemea sana kineno kinachokifuata. Kikifuatwa na "with", mtu ana rai moja na mwenzake; na "to", amekubali ombi au sharti; na "on", watu wamefikia uamuzi wa pamoja. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mnyambuliko: nimekubali ni langu peke yangu, tumekubaliana ni letu sote.

Lakini ipo tofauti ambayo "agree" huifunika, na watu wa Unguja huitenga waziwazi. Sikiliza ndoa inapofungwa. Kwanza bibi harusi huulizwa, mbali na hadhara, kama ameridhia. Kisha mume, mkono wake umeshikwa na anayeozesha, hutamka mbele ya mashahidi: "Nimekubali kumuoa", kwa mahari yaliyotajwa. Kukubali husikika kwa masikio. Ridhaa iko moyoni, haijulikani mpaka mwenyewe aulizwe.

Mfasiri wa historia yetu asilisahau hili. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao, la Mkunazini likiwamo. Mapema mwaka huo mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja kumtaka asaini, akakataa. Saini ilipatikana baada ya balozi wa Uingereza, John Kirk, kumtishia kwamba manowari za Uingereza zingeizingira Unguja. Biashara ile ilistahili kufa, wala sina huruma nayo. Hata hivyo, anayeona "agreed" kitabuni akaandika "aliridhia" ameifuta manowari kwenye habari. Alikubali, basi.

Karibu na zama zetu, vyama vya CCM na CUF vilitia saini Muafaka mwaka 1999, vikatia mwingine 2001, na uhasama kati yao haukwisha. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, na yaliyoanzia hapo yakaitwa Maridhiano. Jina hilo lilidai zaidi ya saini za viongozi. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wenyewe waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakajibu ndiyo.